Gumu na Shupavu si Kitu Kimoja: Kuichanganya Resini ya Fenoli Isivunjike Kama Kigae

(Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum. Mafundi wetu, walimu, vijana wa vyuo, na wazee mliopanda gari asubuhi kutoka Wete na Mkoani, karibuni sana.

Hapa mezani pana mshikio wa kikaango uliovunjika. Upitisheni mkono kwa mkono, muutazame pale ulipokatika. Pamenyooka, panang'aa kidogo, hapana alama ya kupinda wala ya kuvutika. Ukivikutanisha vipande viwili vinaingiana barabara, kama vigae vya sahani ya kaure. Kikaango kilianguka kwenye saruji mara moja tu. Na mshikio huu huu umekaa juu ya jiko miaka, haukuyeyuka, haukulainika, haukuunguza mkono wa mpishi. Plastiki ya ndoo ingefanya kinyume chake: ingedunda kwenye saruji, na jikoni ingetiririka.

Gumu ni lile lisilobonyea. Shupavu ni lile lisilokubali ufa upite. Mshikio huu ni gumu, shupavu si hata kidogo, na tumekutana kuzungumza namna ya kuupa huo ushupavu kwa kuichanganya resini yake na polima nyengine, yaani kitu chengine cha minyororo mirefu ya molekuli, kama mpira au plastiki. Tangu mwanzo tuambizane: ushupavu huu haupatikani bure. Kila unapoununua, unalipa kwa kupungua uwezo wa kustahimili joto. Anayewauzia mchanganyiko akisema haupunguzi chochote, msimsikilize.

Resini ya fenoli inazaliwa na vitu viwili: fenoli, na fomaldehaidi, ile ambayo ikiwa ndani ya maji tunaiita fomalini. Mjerumani Adolf von Baeyer aliona mwaka 1872 kwamba viwili hivi vikikutana vinatoa kitu kama utomvu kinachogandia chupa, akaachana nacho. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, ndiye aliyeujua mchezo wake mwaka 1907: kuiivisha, yaani kuigandisha isiyeyuke tena, kwa joto pamoja na shinikizo, ili mvuke usiiache na matundu. Hataza ya njia hiyo ikatoka mwaka 1909 na bidhaa ikaitwa Bakelite. Swichi nyeusi za nyumba za zamani ni kitu hicho. Gundi ya plaiwudi inayostahimili maji ya moto ni kitu hicho, na hali kadhalika kiungo kinachoshika breki, klachi na diski za grainda.

Aina zake ni mbili. Novolaki inapikwa kwa asidi, fomaldehaidi ikiwa pungufu, kama molekuli 75 hadi 85 kwa kila 100 za fenoli. Inatoka kama mawe ya rangi ya asali, inasagwa unga, na haiivi mpaka itiwe heksamini, dawa ya kuivishia, kawaida sehemu 8 hadi 12 kwa kila 100 za resini. Resoli inapikwa kwa alkali, fomaldehaidi ikiwa nyingi kuliko fenoli, inabaki majimaji, na inaiva yenyewe kwa joto. Kwa hiyo resoli ina umri. Kwenye friji inakaa miezi, lakini katika ghala la bati, joto likiwa nyuzi 30 na zaidi, baada ya wiki chache tu inakuwa nzito, halafu inakuwa jeli. Pipa likifika kutoka bandarini, tazameni tarehe ya kutengenezwa kabla ya kutazama bei.

Kwa nini inavunjika? Fikirieni molekuli ya fenoli kama pete yenye pembe sita. Pembe ya kwanza ina kundi la haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Fomaldehaidi inaweza kushika pembe tatu tu: ya pili, ya nne na ya sita. Basi kila fenoli ina mikono mitatu. Resini ikiiva, karibu kila mkono unashikwa, na kinachounganisha pete na pete ni daraja la kaboni moja. Pete haipindi, na daraja ni fupi mno. Matokeo yake ni wavu mmoja mkubwa ambao hakuna kipande kinachoweza kuteleza juu ya chengine. Resini tupu iliyoiva haivutiki zaidi ya asilimia 2 hivi ya urefu wake kabla ya kukatika. Ufa ukianza kwenye tundu dogo la mvuke au mkwaruzo wa msumeno, hakuna cha kuuchosha, unapita mpaka upande wa pili.

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kutia kitu laini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukitia mafuta ya kulainisha yakayeyuka ndani ya resini yote, unapata resini laini, basi. Inalainika jikoni, inabonyea kwenye skrubu, na ufa bado unapita. Tunachotaka sisi ni resini ibaki ngumu, na ndani yake mtawanyike matone madogo sana ya kitu kinachovutika, kila tone limeshikwa vizuri na resini inayolizunguka.

Kina mama wanajua tui likichemka bila kukorogwa linakatika: mafuta yanajitenga na maji. Jikoni hilo ni balaa. Katika kazi hii tunataka tui likatike, lakini likatike kwa wakati wake na kwa matone tunayoyataka. Mpira unayeyushwa ndani ya resini mbichi, vinakaa pamoja kwa amani. Minyororo ya resini inapoanza kukua, nafasi ya mpira inapungua, mpira unasukumwa nje na kujikusanya matone. Kisha resini inaganda na kuyafunga matone pale pale yalipo. Ukubwa unaofaa ni kati ya sehemu ya kumi ya mikroni na mikroni chache. Unywele wa mtu una mikroni 50 hadi 100, kwa hiyo tone hulioni kwa jicho. Ukiliona kwa jicho, umeshakosea.

Ufa ukifika kwenye tone, tone linavutika na kuushika ufa pande zote mbili, mfano wa uzi unaoshika nguo iliyoraruka. Tone likipasuka ndani, resini inayolizunguka inapata nafasi ya kusogea kidogo, na kusogea huko kunakula nguvu ya kishindo. Lakini kumbukeni, resini ya fenoli haipendi kusogea. Epoksi ukiitia mpira inabadilika sana, fenoli inabadilika kidogo, kwa sababu wavu wake umebana mno. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wanafanya mambo mawili kwa pamoja: wanatia mpira, na wanapunguza heksamini, tuseme kutoka 10 mpaka 7 kwa 100, ili wavu ulegee kidogo. Fanya moja bila jengine na utasema mpira haufai.

Mpira gani? Kijana mmoja hapa ameshauliza kabla hatujaanza: miti ya mpira ipo Unguja na Pemba, kwa nini tusitie utomvu wetu? Swali zuri, na jibu lake ni kemia tupu. Mpira wa asili ni haidrokaboni, hauna kitu cha kushikana na makundi ya haidroksili ya fenoli. Ukiuchanganya unajitenga mapema mno, unafanya mabonge makubwa, na baina ya bonge na resini pana mpaka mtupu. Badala ya kuuchosha ufa umeutengenezea njia. Mpira wa asili uliotiwa epoksidi, ambao nusu ya viungo vyake maradufu vimebadilishwa, una tabia nyengine kabisa na unakaribia mpira wa naitraili. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda cha kemikali, si ya utomvu uliogandishwa kwa asidi nyuma ya nyumba.

Mpira wa naitraili ndio uliozoeleka. Una akrilonaitraili, kundi lenye umeme ndani yake, na kundi hilo linapatana na fenoli. Chagueni wenye akrilonaitraili asilimia 33 hadi 40, ule wa 20 haupatani vya kutosha. Kiasi ni sehemu 5 hadi 20 kwa kila 100 za resini. Chini ya 5 huoni tofauti. Ukizidisha sana, mambo yanageuka: mpira ndio unaokuwa bahari na resini inakuwa visiwa.

Kwa novolaki, kazi inafanyika kwenye rola mbili za moto, nyuzi 90 hadi 110. Mpira unatangulia mpaka uzunguke rola kama shuka, kisha novolaki kidogo kidogo, na heksamini mwisho kabisa baada ya kushusha joto. Heksamini ikiingia rola zingali za moto, mchanganyiko unaanza kuiva pale pale na unatoka na chembe ngumu ambazo hakuna presi itakayozilainisha. Harufu kali ya amonia, ile inayotoka heksamini inapoanza kazi, ikiwapanda puani, hiyo ndiyo habari kwamba mmechelewa. Mpira wa naitraili unauzwa pia ukiwa unga, na asiye na rola anaweza kuchanganya unga kwa unga. Ushupavu wake ni mdogo kuliko wa rola, kwani chembe za unga ni kubwa, lakini kwenye bitana za breki ndio unaotumika sana.

Sasa njia ya pili, ambayo inafanywa ndani ya molekuli yenyewe. Hapa Pemba pana mafundisho mawili ya bure, karafuu na mbibo, yaani mkorosho.

Mafuta ya makonyo ya karafuu yanayokamuliwa hapa kisiwani, sehemu yake kubwa ni yujenoli. Yujenoli nayo ni fenoli. Basi mtu atasema, tuipike na fomalini tupate resini ya Pemba. Turudi kwenye pete. Pembe ya pili ya yujenoli imekaliwa na kundi la methoksi, na ya nne imekaliwa na mkia wa kaboni tatu. Imebaki ya sita peke yake. Fenoli yenye mkono mmoja haifumi wavu. Inashika mnyororo na kuufunga, kama fundo mwisho wa uzi. Kidogo ndani ya fenoli ya kawaida inalegeza wavu, lakini peke yake na fomalini itawapa majimaji mazito na hasara ya mafuta yenye bei.

Mafuta ya ganda la korosho ni habari nyengine. Aliyewahi kuchoma korosho anayajua, yanavyoruka na kuchubua ngozi, na mikono inavyokuwa myeusi wiki nzima. Yakipashwa moto ipasavyo, sehemu kubwa inakuwa kadanoli. Kadanoli ina mkia mrefu wa kaboni 15, lakini tazameni mkia ulipokaa: pembe ya tatu. Pembe ya pili, ya nne na ya sita ziko wazi. Mikono mitatu imebaki, na mkia unaning'inia pembeni ukiusukuma wavu utanuke. Ikichukua nafasi ya asilimia 10 hadi 30 ya fenoli wakati wa kupika novolaki, inatoa resini isiyo kavu mno, isiyopenda maji, na inayopunguza kelele kwenye breki. Mafuta hayo yakiivishwa yenyewe na kusagwa, yanapata unga wa kahawia unaotiwa kwenye bitana za breki duniani kote, kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Kwa hiyo ganda tunalolitupa na kulichoma lina kazi ndani ya magari yanayopita barabara hii. Upungufu wake ni kwamba mkia unachelewesha kuiva, kwa hiyo mpe presi muda zaidi, na wavu uliotanuka unalainika kwa joto la chini kidogo.

Njia ya tatu ndiyo tutakayokaa nayo, maana karakana ya kawaida inaiweza. Ni kuchanganya resoli na plastiki ya polivinaili, ile ya butirali au ya fomali. Mwaka 1941 huko Duxford, Uingereza, Norman de Bruyne na wenzake walitoa gundi waliyoiita Redux. Walipaka resoli juu ya chuma, wakanyunyizia unga wa polivinaili fomali juu yake kama tunavyonyunyiza unga kabla ya kusukuma chapati, wakakung'uta uliozidi, wakaubana kwa moto. Ndege ya de Havilland Hornet ilifungwa kwa gundi hiyo, bati la alumini juu ya ubao. Resoli peke yake ingepasuka kwa mtikisiko. Polivinaili peke yake ingelegea kwa joto. Pamoja zilishika, kwa sababu makundi ya haidroksili ya polivinaili yanaingia katika kuiva na kufungwa humo humo ndani ya wavu.

Tufanye kitu kinachotumika hapa: roda za kapi, yale magurudumu madogo yanayopitishia kamba ya tanga. Roda ya mti inavimba na kuoza, ya chuma inakula kamba. Roda ya kitambaa na resini ni nyepesi na haipati kutu, ila ikitengenezwa kwa resini tupu, ukingo wake unamong'onyoka kapi linapogonga mlingoti. Ubao tutakaoutengeneza ni sentimita 20 kwa 20, unene milimita 15, na unatoa roda nne za kipenyo cha milimita 90.

Kitambaa ni marekani, isiyo na dawa ya kukazia. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka wanga utoke, isuuze sana. Kisha ikaushe kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa moja, na uitie resini siku hiyo hiyo. Msipuuze hili. Hewa yetu ni ya bahari, na pamba inayoning'inia ukutani wakati wa masika imejaa maji hata kama mkononi unaiona kavu. Maji hayo yatakuwa mvuke ndani ya presi. Kwa marekani ya gramu 180 kwa mita ya mraba, kipande cha 20 kwa 20 kina gramu 7 na kidogo, na mnahitaji vipande 56.

Resoli iwe ile ya spiriti, yenye yabisi asilimia 60. Gramu 650. Hiyo ni gramu 390 za resini yenyewe. Polivinaili butirali ya unga gramu 59, ndani ya etanoli gramu 531. Hapo pana sehemu 15 za polivinaili kwa 100 za resini. Unga unamwagwa kidogo kidogo juu ya etanoli inayokorogwa, siyo etanoli juu ya unga. Ukikosea utapata madonge ya uji, nje yanateleza, ndani makavu, na hayatayeyuka hata ukikesha nayo. Funika, acha mpaka asubuhi. Inatoka wazi, nzito kama asali nyepesi. Ikiwa na ukungu mweupe, etanoli yenu imechanganywa na maji, itupeni. Kisha mimineni polivinaili ndani ya resoli, polepole, mkikoroga.

Kosa linaloonekana sana hapa ni kununua resoli ya maji, ile ya plaiwudi, kwa sababu ni rahisi. Mara inapokutana na polivinaili, nyuzi nyeupe zinajitokeza kama yai lililovunjwa ndani ya supu. Maji yameisukuma polivinaili nje. Hakuna kukoroga kutakakoirudisha.

Zamisha kitambaa, kipitishe kati ya nondo mbili laini ili kikamuke, kitundike dakika 20 kwenye hewa, kisha oveni nyuzi 90 kwa dakika 10 hadi 15. Zamisha mara ya pili, rudia. Tanbihi moja kwa mwenye pupa: mvuke wa etanoli ndani ya oveni iliyofungwa unalipuka. Oveni iwe na feni na tundu la kutolea hewa, jiko la gesi lisiwe karibu, na msianze mara ya pili kabla harufu ya spiriti haijaisha.

Mizani ndiyo rafiki wa kazi hii. Kipande kilichokuwa na gramu 7 sasa kiwe na gramu 15 hivi. Kikiwa na 12, roda itakuwa na sehemu kavu. Kikiwa na 18, resini itakimbia kwenye presi na kuchukua vitambaa pamoja nayo. Kishikwe: baridi kisigande mkononi, lakini ukikigusisha chuma cha nyuzi 120 kilainike na kunata. Kisiponata, umekikausha kupita kiasi, resini imeshaanza kuiva na tabaka hazitashikana.

Panga vipande 56, kila cha pili ukikigeuza robo ili nyuzi zipishane. Karatasi ya kuokea keki juu na chini, isigande kwenye chuma. Eneo ni sentimita 400 za mraba, presi ya tani 30 inatoa kama kilo 75 kwa kila sentimita ya mraba, inatosha. Mwenye presi ya tani 20 apunguze kipande kiwe 15 kwa 15, asijidanganye kwa kuweka kile kile. Ingiza presi ikiwa nyuzi 80, bana kwa robo ya nguvu, panda polepole kama nyuzi 2 kwa dakika. Resini itachungulia pembeni. Iguse kwa kijiti. Ikidondoka kama maji, subiri. Ikivutika uzi kama asali, kwenye nyuzi 110 au zaidi kidogo, bana nguvu zote. Endelea mpaka 150, kaa hapo dakika 60, maana joto linachelewa kufika katikati ya unene huu. Kisha zima, na usifungue. Subiri ishuke chini ya 60 ingali imebanwa.

Ukifungua ikiwa moto utasikia mlio kama wa mkate wa ajemi ukipasuka, na ubao utakuwa na tumbo. Maji yanayotoka resini inapoiva yalikuwa yamezuiwa na shinikizo, umeyafungulia mlango. Tumbo likitokea hata baada ya kupoza, kosa liko nyuma: kitambaa kilikuwa na unyevu, au spiriti haikuisha. Tabaka zikiachana bila tumbo, mlikausha mno. Ubao ukiwa na ukingo wa njano mpauko na katikati rangi ya kahawia, presi haina joto sawa, na huo ukingo haukuiva. Pamba yenye asetoni isuguliwe pale dakika moja. Ikitoka na rangi, haijaiva, rudisheni oveni.

Pamoja na ubao huo tengenezeni mwengine mdogo wa resoli tupu, bila polivinaili, kwa kitambaa na presi ile ile. Bila huo hamna cha kulinganisha, mna maneno tu. Kateni vijiti vya urefu wa milimita 100, upana 12, unene 6, vitano kwa kila ubao. Kijiti kilale juu ya vigingi viwili vilivyoachana milimita 60, na uzito wa kilo moja uangushwe katikati kutoka sentimita 5, kisha 10, kisha 15, mpaka kikatike. Andikeni kimo cha kila kimoja. Tazameni na namna kilivyokatika: cha resini tupu nyuzi zake zinakatika karibu na mstari mmoja, chenye polivinaili kinaacha ndevu. Ndevu hizo ni kazi iliyofanywa na kitambaa baada ya resini kuuchosha ufa. Kijiti chengine kichemsheni saa mbili, mkipime uzito na unene kabla na baada. Kile kinachoongezeka kwenye unene, kikikadiriwa kwa unene wa roda, ndicho mtakachoongeza kwenye nafasi baina ya roda na mashavu ya kapi. Asiyepima hivi, roda yake itakwama siku ya tatu baharini, henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa imekaza na tanga liko nusu.

Na bei tuliyosema? Polivinaili butirali inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hadi 75. Imefungwa ndani ya wavu, kwa hiyo ubao hautayeyuka, lakini kwenye nyuzi 100 utakuwa na nguvu pungufu ya ule wa resini tupu. Roda ya kapi haijali. Mshikio wa kikaango unajali. Mpira wa naitraili unavumilia zaidi, lakini breki ikipita nyuzi 200 na kuendelea, mpira unaanza kuharibika na mshiko unapungua. Vilevile resini tupu inaposhika moto inatoa moshi mdogo, na hiyo ni sifa yake kubwa. Kila mpira unaoutia unaiongezea moshi.

Kuhusu afya, machache lakini msiyacheze. Fomaldehaidi iliwekwa mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fenoli ikigusa ngozi inatia ganzi, ndiyo maana mtu hajui kama ameungua mpaka ngozi imekuwa nyeupe. Maji mengi, mara moja, kwa muda mrefu, halafu hospitali. Na kupika resini yenyewe kutoka fenoli na fomalini msikufanye karakanani. Mchanganyiko huo unajitia joto wenyewe. Ukikupita, hakuna ndoo ya maji itakayouzuia. Nunueni resini iliyokwisha pikwa, sanaa yenu iwe kwenye kuchanganya.

Yakaja maswali. Fundi mmoja wa gereji akauliza kama anaweza kutumia njia hizi kujitengenezea bitana za breki za daladala, bei ya dukani imepanda. Jibu ni hapana. Roda ikivunjika mnashusha tanga. Barabara za Pemba ni za vilima, na bitana inahitaji kupimwa mshiko wake ikiwa baridi, ikiwa moto, na baada ya kurudi baridi, kwa mashine ambayo gereji haina. Bitana za zamani nazo, zile ambazo hazijulikani zimetengenezwa lini, msipulize vumbi lake kwa kompresa, huenda mna asbesto. Futeni kwa kitambaa kilichoroweka.

Dada mmoja mwanafunzi akauliza kuhusu vioo vya mbele vya magari yaliyogongwa, maana utando ulio katikati yake ni polivinaili butirali hiyo hiyo, na umejaa majalalani. Ni kweli, ni hiyo hiyo. Lakini ule wa kioo umetiwa mafuta ya kulainisha, yanafika robo ya uzito wake na zaidi. Ukiuyeyusha na kuutia kwenye resoli, mafuta yanaingia pamoja nao, yanalainisha ubao mzima, na baadaye yanatoka jasho juu ya roda. Kwa kujaribu, kata utando vipande vidogo, osha chembe za kioo, uyeyushe kwa etanoli, na utie sehemu 5 badala ya 15. Tengeneza vijiti vitano, na vitano vya unga safi. Viache juani juu ya karatasi nyeupe wiki mbili. Karatasi ikipata doa la mafuta, umepata jibu lako kabla ya kukata roda hata moja.

Mzee wa mwisho aliuliza kama roda ikimong'onyoka ukingo inaweza kuzibwa. Resini iliyoiva haiyeyuki tena, kwa hiyo haiungi yenyewe kwa yenyewe. Kwangua sehemu hiyo kwa msasa mpaka mng'aro uondoke, ifute kwa asetoni, ziba kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa vumbi la ubao ule ule, na uigeuze roda ili upande huo usiwe ule unaokutana na kamba kwanza.